Safari ya Pombe Hadi Kuwa Siki

Wajukuu wangu, tembo analoshusha mgema alfajiri bado lina utamu wa sukari ya mnazi. Likikaa mpaka jioni linakuwa kali, na likisahauliwa kibuyuni siku kadhaa halinyweki tena. Limegeuka siki, na mpishi wa pwani analitia kwenye achari. Kazi zote mbili zinafanywa na viumbe wadogo mno. Kwanza hamira inakula sukari na kutoa alkoholi, pamoja na gesi inayoleta povu. Kisha wanakuja bakteria wanaopenda hewa, wanaichukua ile alkoholi na kuifanya asidi ya siki.

Shikeni hatua hizo mbili, maana hadithi yangu yote inapita humo: sukari inakuwa alkoholi, alkoholi inakuwa siki. Mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa, rubisi ya Kagera, busaa ya magharibi mwa Kenya na bia ya kiwandani zinatokana na sukari za vitu mbalimbali, lakini alkoholi yake ni moja, nayo inaitwa ethanoli. Katika bia ni kama sehemu 5 kwa 100, katika mvinyo kama 12. Hamira haiendi mbali sana zaidi ya hapo, kwa sababu alkoholi ikizidi inaiua hamira yenyewe. Anayetaka kinywaji kikali zaidi lazima achemshe na kukinga mvuke, kwa kuwa ethanoli inachemka kwenye nyuzi 78 na maji yanangoja mpaka 100. Ndivyo gongo, chang'aa na waragi zinavyopatikana.

Haya, mtu amekunywa. Tuifuate pombe huko ndani.

Tumboni haikai sana. Kiasi kidogo kinapenya hapo hapo, na sehemu kubwa inapenya kwenye utumbo mwembamba. Aliyeshiba ugali analewa polepole kuliko mwenye njaa, kwa sababu chakula kinachelewesha tumbo kufungua njia ya kwenda utumboni. Alkoholi yenyewe haihitaji kumeng'enywa. Molekuli zake ni ndogo, zinachanganyika na maji bila shida, na popote penye maji mwilini zinafika: kwenye damu, misuli, mate, jasho, machozi, mkojo na majimaji ya ubongo. Mtu mdogo wa mwili ana maji machache ya kuizimua, basi analewa upesi. Mwanamke na mwanamume wa uzito mmoja wakinywa chupa sawa, kwa kawaida damu ya mwanamke inakuwa na alkoholi nyingi zaidi, kwa sababu mwili wake una maji pungufu kidogo.

Ubongoni sehemu ya mbele, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ni ya mwanzo kulegea. Hiyo ndiyo inayokuonya usimtukane mzee huyu, usipande pikipiki ya yule, usiingie baharini usiku. Alkoholi inazipa nguvu kemikali zinazoutuliza ubongo na kuzidhoofisha zile zinazouamsha, na onyo linanyamaza. Mtu anaonekana kachangamka, anacheka, anajiona hodari. Akiendelea, inafuata sehemu ya kisogoni inayoongoza mwendo na ulinganifu wa mwili. Miguu inapishana, ulimi unakuwa mzito. Ikizidi tena, ile sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya inaacha kuandika. Hapo mtu anaweza kuzungumza, kutembea, hata kugombana, na kesho yake asiwe na habari ya lolote. Hakusahau. Kumbukumbu haikuwekwa tangu mwanzo.

Sikioni kuna jambo ambalo mimi hupenda sana kulieleza. Ndani kabisa, katika sikio la ndani, mna mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, na katika kila mmoja mna utando laini unaoyumba kama pazia dirishani. Ukigeuza kichwa, majimaji yanausukuma utando na ubongo unapata habari kwamba umegeuka. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji, nayo inauingia utando huo mapema kuliko inavyoyaingia majimaji yanayouzunguka. Kwa muda, utando unakuwa mwepesi na kuelea. Mlevi kalala chali kitandani, hajatikisika, na utando unaupelekea ubongo habari kwamba anazunguka. Chumba kinazunguka, anatapika. Saa kadhaa baadaye alkoholi inatoka kwanza kwenye utando, sasa utando ndio mzito kuliko majimaji, na kizunguzungu kinarudi kwa kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo hata asubuhi, mtu anayedai yuko sawa bado sikio lake linamdanganya.

Macho nayo yanayumbayumba. Askari wa Marekani wanamwambia dereva afuate kwa macho kalamu inayopelekwa pembeni polepole, na macho ya mlevi yanashindwa kuteleza, yanarukaruka. Figo zinatoa maji ovyo, kwa sababu alkoholi inazuia homoni inayoziagiza kuyatunza. Ndiyo sababu mojawapo ya kiu na kichwa kuuma kesho yake. Na chini kabisa ya ubongo, panapoungana na uti wa mgongo, ndipo penye amri ya kuvuta pumzi. Alkoholi ikifika huko kwa wingi, mtu anaacha kupumua. Hufa usingizini, na jamaa zake wako chumba cha pili wakiamini analala.

Mkombozi katika haya yote ni ini. Wengi wanajua kuwa ini linasafisha pombe, wachache wanajua linavyosafisha. Linafanya kazi ileile ya wale bakteria wa kibuyuni: linaigeuza alkoholi kuwa siki. Lakini katikati ya safari kuna kituo kibaya. Kabla haijawa siki, alkoholi inakuwa kwanza asetaldehidi, sumu inayochoma na inayoharibu maandishi ya urithi ndani ya seli. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, tangu 1988 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Ini la mnywaji wa miaka mingi linajaa mafuta, linavimba, kisha linaota makovu mpaka linasinyaa na kuwa gumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na wengi wa hao hawakufa barabarani. Walikufa vitandani, kwa magonjwa.

Ini lina mwendo wake, wala halikubali kuharakishwa. Mwanakemia wa Sweden, Erik Widmark, alipima damu za wanywaji kwa miaka mingi, na mwaka 1932 akachapisha hesabu ambayo mahakama zinaitumia mpaka leo. Tuitumie. Mwanamume wa kilo 70 anaanza kunywa saa 2 usiku na kumaliza saa 6 usiku. Kanywa chupa sita za bia, kila moja mililita 500 zenye nguvu ya sehemu 5 kwa 100. Hizo ni kama gramu 120 za alkoholi. Kama zingeingia zote kwa pamoja, kila mililita 100 za damu yake zingekuwa na miligramu 250 hivi. Ini linaondoa takriban miligramu 15 kwa saa, basi saa 6 usiku zimebaki kama 190. Analala, anaamka saa 11 alfajiri, anaoga, anavaa shati safi, anajiona mzima. Damuni mna miligramu 115. Kikomo cha dereva katika sheria za Kenya na Tanzania ni 80. Damu yake itakuwa safi kabisa baada ya saa sita na nusu mchana.

Nimeona watu wakinywa kahawa chungu, wakila supu yenye pilipili, wakinyonya ndimu, wakimwagiwa maji ya baridi. Kahawa inamwamsha mlevi, naye anabaki mlevi aliye macho. Maji yanampa baridi. Hakuna kati ya hivyo kinacholigusa ini. Na anayezimua kwa bia ya asubuhi anaongeza deni kwenye deni.

Sasa tuingie kwenye kupima.

Zamani polisi na waganga walitegemea pua na macho. Ananuka pombe? Anatembea mstari ulionyooka? Anatamka vizuri? Watu wasio na hatia wameumia kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka anapepesuka na kuongea ovyo. Mwenye sukari iliyopanda sana anaweza kutoa pumzi yenye harufu ya ajabu. Aliyepigwa kichwani, au aliyepatwa na kiharusi, ulimi wake unakuwa mzito vilevile. Watu wa namna hiyo wametupwa mahabusu wakidhaniwa walevi, na wengine wakafia humo. Ndiyo maana mimi ni mtetezi wa kipimo. Kinamkamata mlevi, na pia kinamwokoa mgonjwa asiitwe mlevi.

Pumzi ndiyo iliyofungua mlango. Nimesema ethanoli ni nyepesi kuwa mvuke. Damu inapopita mapafuni, ikitenganishwa na hewa kwa ngozi nyembamba mno, sehemu ya alkoholi yake inarukia hewani kwa uwiano unaojulikana: mililita 2,100 za pumzi ya ndani zinabeba alkoholi sawa na mililita 1 ya damu. Ukiijua pumzi, umeikadiria damu bila sindano.

Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Indiana, Rolla Harger, aliitumia kanuni hiyo kutengeneza kifaa alichokiita Drunkometer. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1938, wa kuamkia mwaka mpya, polisi wa Indianapolis walianza kukitumia kazini. Dereva alipewa puto alipulize. Hewa ya puto ilipitishwa kwenye maji yenye asidi na pamanganeti, dawa ya rangi ya zambarau. Alkoholi ikikutana na pamanganeti inabadilika kemikali, na pamanganeti inapoteza rangi. Hewa kidogo ikitosha kuifuta zambarau, mpulizaji kalewa sana. Ikihitajika nyingi, hakulewa sana. Puto na rangi, basi, na kilichokuwa maoni ya askari kikawa kipimo.

Aliyefuata alikuwa askari, si profesa. Robert Borkenstein wa polisi wa jimbo hilohilo la Indiana alikuwa amefanya kazi na Harger, akaona kifaa kile ni kigumu kubeba na kutumia. Mwaka 1954 akaunda cha kwake, Breathalyzer, chenye dawa ya rangi ya manjano inayopauka ikikutana na alkoholi, na taa inayosoma imepauka kiasi gani. Miaka michache baadaye aliongoza utafiti katika mji wa Grand Rapids, Michigan. Walipima madereva waliogongana, kisha wakasimamisha madereva wengine waliopita mahali palepale saa zilezile bila kugonga, wakawapima nao. Walipolinganisha, hatari ya ajali ilipanda kadiri alkoholi ilivyopanda, na kuanzia miligramu 80 ilipaa. Uingereza iliichukua namba hiyo katika sheria ya 1967, chini ya waziri Barbara Castle, ambaye mwenyewe hakuwa dereva. Wenye baa walimlaumu vikali. Vifo vya barabarani vilipungua.

Kifaa mnachokiona leo mkononi mwa trafiki hakina dawa ya rangi. Kina vipande vya platinamu, na kwa hicho tunarudi kwenye siki. Alkoholi ya pumzi ikigusa platinamu inageuzwa kuwa asidi ya siki, na katika kugeuka huko inaachia elektroni. Elektroni zikipita kwenye waya ni umeme. Alkoholi nyingi, umeme mwingi, namba kubwa kwenye kioo. Bakteria wa kibuyuni, ini la binadamu na kifaa cha polisi vyote vinaisindikiza ethanoli kwenye njia moja. Vifaa vya namna hii vilisambaa kutoka Wales katika miaka ya 1970, kwa kazi ya Tom Parry Jones na kampuni ya Lion Laboratories. Kenya ilipoanza misako ya usiku mwishoni mwa 2013, jina lililoingia midomoni mwa watu, Alcoblow, lilikuwa la kifaa cha kampuni hiyohiyo.

Hila za kukikwepa ni nyingi na hazifai kitu. Mnanaa, karafuu, vitunguu, bazoka, vyote vinafunika harufu, na platinamu haina pua. Inatafuta ethanoli inayotoka ndani ya mapafu, na hiyo haifunikwi. Lakini haki nayo idaiwe: mtu aliyesukutua kwa dawa ya kinywa yenye alkoholi, au aliyetoka kucheua, anaweza kuonyesha namba kubwa isiyotoka kwenye damu. Kwa hiyo mpimaji makini anamngoja dakika 15 bila kula wala kunywa, kisha anampima tena. Kijana akipimwa na kuona amedhulumiwa, na aombe kipimo cha pili, au cha damu.

Damu ndiyo yenye neno la mwisho, lakini nayo inasafika baada ya saa kadhaa. Alama zingine zinadumu zaidi. Ini linaigeuza sehemu ndogo ya ethanoli kuwa kitu kiitwacho ethili glukuronidi, na hicho kinaonekana kwenye mkojo siku mbili tatu baada ya pombe kwisha damuni. Kinaingia hata kwenye nywele. Nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, basi kipande cha sentimita 3 kilichokatwa karibu na ngozi kinaeleza miezi mitatu iliyopita. Mahakama za watoto huko Ulaya zinakitumia mzazi anapodai kwamba ameacha kunywa.

Ninyi mnaonisikiliza mko katika umri ambao ubongo bado unajengwa, na sehemu inayochelewa kukamilika, mpaka miaka ya 20 na kitu, ni ileile ya mbele inayokuonya. Pombe inakwenda kuilegeza ingali changa. Ndiyo maana nilifurahi Tanzania ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, pombe kali ile ya pakiti iliyoingia hata mfukoni mwa sare za shule. Na mtoto aliye tumboni mwa mama ndiye mwenye kinga ndogo kuliko wote. Alkoholi inavuka kutoka kwa mama na kumfikia, ini lake halijaweza kuigeuza, na madhara ya ubongo anayoyapata anaishi nayo maisha yote.

Limebaki jambo la hatari kupita yote. Wapo wauzaji wenye tamaa wanaotia kwenye chang'aa au gongo methanoli ya viwandani ili kuongeza ukali. Methanoli ni ndugu ya ethanoli; ulimi hauwezi kuzitofautisha. Ini nalo linaipokea na kuifanyia kazi ileile, ila matokeo yake ni mengine. Mwisho wake si siki. Inakuwa kwanza formaldehidi, jamaa ya ile fomalini ya kuhifadhia maiti, kisha asidi inayoua mishipa ya macho. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine walibaki vipofu. Mwaka 2014 maafa hayo yalirudi tena Kenya. Ubaya wake ni kwamba mtu analewa kidogo, analala, na dalili zinangoja hata saa 12 au 24: tumbo kuuma, pumzi za haraka, kuona ukungu mweupe.

Mkimkuta mtu amelewa hata haamki, msimwache peke yake wala msimlaze chali. Mlazeni ubavu, magoti yamekunjwa, mdomo ukielekea chini, matapishi yasimrudie kooni. Msimlazimishe kahawa. Hesabuni pumzi zake. Asipoamka kabisa, au pumzi zikishuka chini ya nane kwa dakika, au ngozi ikiwa ya baridi na midomo imebadilika rangi, apelekwe hospitali usiku huohuo. Na mwambieni daktari kweli yote, kanywa nini, wapi, tangu saa ngapi, hata kama ni gongo ya kificho na mnaogopa polisi. Ikiwa ni methanoli, daktari anaweza kumpa dawa ya kulizuia ini, na asipokuwa nayo atampa ethanoli safi kwa kipimo, kwa sababu ini likiziona mbili linashughulika kwanza na ethanoli. Methanoli inakaa bila kuguswa, na inatoka taratibu kwa pumzi na mkojo, au kwa mashine ya kusafisha damu. Dawa hiyo inayaokoa macho kama imewahi kabla asidi haijatengenezwa, na kuwahi kwake kunategemea mliomleta mmesema nini mlangoni.